Uzi: Tarehe 17 Januari, kutoka Lumumba hadi Nyiragongo, na mengine yaliyoangukia siku hiyo

MwalimuWaHimbi, Goma

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Katika shule ninayofundisha historia kuna ubao karibu na ofisi ya prefe, yaani mkuu wa shule, na kila mwezi darasa moja hubandika hapo karatasi kubwa inayoeleza mambo yaliyotokea katika tarehe moja iliyochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Darasa langu la tano limechagua tarehe 17 Januari. Kwa kuwa tarehe 16 na 17 zote ni siku za mapumziko ya kitaifa, karatasi haina budi kuwa ukutani tangu tarehe 15, na ndiyo maana naleta rasimu hapa mapema ili muikosoe.

Jambo la kwanza halina ubishi. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliuawa huko Katanga pamoja na wenzake wawili. Serikali yake haikutimiza hata miezi mitatu: uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe tarehe 11 Julai, Rais Kasa-Vubu akamwondoa Lumumba madarakani tarehe 5 Septemba, na siku tisa baadaye Kanali Mobutu akatangaza kwamba amewaweka wanasiasa wote kando. Mwishoni mwa Novemba Lumumba alitoroka kizuizini Léopoldville, Kinshasa ya leo, akielekea Stanleyville, Kisangani ya leo, akakamatwa alipokuwa akivuka mto Sankuru, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu.

Jambo la pili ni letu sisi wa Goma. Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavu wa kusini asubuhi, nyufa zikashuka kuelekea Munigi hadi kwenye malango ya mji, na lava ikaukata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji wa biashara na kuingia ziwa Kivu. Zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mji iliteketea, watu wapatao 120,000 wakakosa makazi, na mamia ya maelfu wakahama, wengi wao wakivuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi.

Baada ya hayo mawili, wanafunzi wamechota kila walichokipata: Malkia Liliuokalani wa Hawaii kupinduliwa (1893), Robert Scott kufika Ncha ya Kusini na kukuta Amundsen amemtangulia (1912), kuzaliwa kwa Muhammad Ali (1942), majeshi ya Kisovieti na ya Kipolandi kuingia Warsaw (1945), hotuba ya kuaga ya Rais Eisenhower (1961), ndege ya Marekani kuangusha mabomu ya haidrojeni huko Palomares, Hispania (1966), kuanza kwa mashambulizi ya anga dhidi ya Iraki (1991), tetemeko la Northridge karibu na Los Angeles (1994) na lile la Kobe (1995).

Sitaki karatasi iwe ghala. Naomba mnisaidie kuamua kipi kinastahili kukaa chini ya tarehe hii na kipi kimeingia kwa sababu tu mtu aliandika "17 Januari" kwenye injini ya kutafutia. Najua pia kwamba kuna tarehe nyingine za Januari ambazo wakazi wa Goma wanazibeba tangu mwaka 2025. Hizo hazimo katika uzi huu, na naomba ziachwe nje yake.

MzeeWaKampemba, Lubumbashi

Mwalimu, hongera kwa wewe na vijana wako. Kuhusu Lumumba, naomba karatasi yenu isitosheke na kusema "aliuawa", kwa sababu siku ile ina saa zake na saa hizo zinajulikana.

Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa Thysville, wakapelekwa Moanda kwa ndege ndogo, kisha wakapandishwa DC-4 ya shirika la Air Congo iliyorushwa na Wabelgiji. Walipigwa njia nzima, kiasi kwamba wafanyakazi wa ndege walijifungia katika chumba cha rubani. Ndege ilitua Luano, uwanja wetu wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipokaribia saa kumi na moja jioni, na askari wachache wa Uswidi waliokuwa hapo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa waliwaona wafungwa wakishushwa. Walipelekwa katika nyumba iitwayo Villa Brouwez, wakaendelea kuteswa huku mawaziri wa Katanga wakija kuwatazama. Usiku magari yalifuata barabara ya Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, hadi porini mahali panapoitwa Shilatembo, kilomita 50 hivi kutoka mjini. Huko, mnamo saa tatu na dakika arobaini usiku, walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, Okito kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho, kwa amri ya kapteni Mbelgiji Julien Gat, Tshombe na baadhi ya mawaziri wake wakiwa wamesimama hapo hapo.

Sasa lifuatalo ndilo ninalotaka vijana walielewe. Kwa karibu majuma manne tarehe hiyo haikuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote nje ya kundi dogo la waliohusika. Miili ilifukuliwa, na polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Watu walioandamana Cairo na Belgrade na kuvamia ubalozi wa Ubelgiji waliandamana mwezi Februari, kwa kuwa ndipo habari ilipowafikia. Ni tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Novemba 1961, iliyoyakataa maelezo ya Katanga na kusema kwamba watu hao waliuawa tarehe 17 Januari. Kwa maneno mengine, tarehe mnayoibandika ukutani ilinyang'anywa kutoka mikononi mwa waliotaka kuificha. Waliotangaza kifo walitaka tukumbuke siku nyingine na wauaji wengine.

HesabuTupu, Bukavu

Mimi ni mtu wa namba, kwa hiyo nitasema kuhusu hilo neno "kuangukia siku moja". Wakusanye watu 23 katika chumba kimoja: uwezekano wa wawili kati yao kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa umeshapita nusu. Katika darasa la wanafunzi 50, na madarasa yetu ya Kivu mara nyingi yana zaidi ya hapo, uwezekano huo unafika 97 kwa 100. Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili asubuhi moja darasani, bila gharama yoyote, kabla ya kubandika chochote.

Historia ya dunia ina maelfu kwa maelfu ya matukio yaliyoandikwa, na mwaka una tarehe 366 tu za kuyatia. Ingekuwa ajabu kupata tarehe isiyo na kifo cha kiongozi, tetemeko, vita na mtoto aliyekuja kuwa mashuhuri. Chukueni tarehe 9 Agosti au 3 Machi, mtajaza karatasi vilevile. Kwa hiyo naunga mkono kuweka Lumumba na Nyiragongo pamoja, kwa sharti kwamba mtaeleza kuwa kinachoviunganisha ni sisi tunaovikumbuka, wala si tarehe yenyewe.

MtotoWaBirere, Goma

Yaya HesabuTupu, nakuheshimu, lakini hebu tazama mwezi huu kwa macho ya Mkongomani. Ghasia za Léopoldville zilikuwa tarehe 4 Januari 1959. Lumumba tarehe 17 Januari. Rais wetu, Mzee Laurent-Désiré Kabila, alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Nyiragongo ilitoka tarehe 10 Januari 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002. Yote haya ni bahati tu?

HesabuTupu, Bukavu

Umeisahau tarehe 22 Mei 2021, mdogo wangu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi jioni, na lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Milipuko mitatu mikubwa ya kukumbukwa, miwili Januari na mmoja Mei: hapo hapatoki kanuni yoyote. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi inayokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa katika miteremko ya juu. Mwaka 2002 lava ilitembea polepole zaidi lakini nyufa zilifunguka chini kabisa, karibu na nyumba za watu. Sababu ziko ndani ya ardhi, katika bonde la ufa linalopanuka, na mlima hauna almanaka.

Kuhusu Lumumba, sababu za Januari zipo na ni za kibinadamu. Tarehe 13 Januari 1961 askari wa Thysville waliasi wakidai mishahara, na wakubwa wa Léopoldville wakaogopa kwamba mfungwa wao atafunguliwa na askari hao hao. Ndiyo maana alihamishwa siku nne baadaye badala ya Machi au Mei. Hilo lina thamani kubwa kuliko kusema mwezi ni mzito.

MwanaLushi, Osaka

Wazazi na ndugu, mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi ninayefanya kazi Japani. Nina la kuongeza kuhusu Kobe, kwa kuwa niko karibu nayo, na nina swali moja gumu kwa mwalimu.

Tetemeko la Kobe lilipiga saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 6,434. Sehemu ndefu ya barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu, nguzo zake zikiwa zimekatika, na mitaa ya nyumba za mbao ikaungua kwa siku kadhaa. Kila mwaka, dakika hiyo hiyo, watu hukusanyika katika bustani ya Higashi Yuenchi, huwasha mishumaa ndani ya vipande vya mianzi vilivyopangwa kuunda tarakimu za tarehe, na hunyamaza. Serikali ya Japani iliifanya tarehe 17 Januari kuwa siku ya kujikinga na maafa na ya kazi za kujitolea, kwa sababu ya umati wa watu waliokwenda Kobe kusaidia bila kuitwa na mtu.

Swali langu sasa. Saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri ya Japani ni saa nne na dakika arobaini na sita usiku, Goma, *siku iliyotangulia*. Kwa saa ya ukuta wa shule yako, mwalimu, Kobe ilibomoka tarehe 16 Januari. Utaiandika wapi?

Na kuna mfano mkubwa zaidi. Eisenhower alitoa hotuba yake ya kuaga jioni ya tarehe 17 Januari 1961 huko Washington, akiwaonya Wamarekani juu ya nguvu ya jeshi ikiungana na viwanda vya silaha. Watu wengi hupenda kusema kwamba alizungumza "siku ile ile" Lumumba alipouawa. Alipoanza kusoma, Elisabethville ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia tarehe 18, na watu watatu wa Shilatembo walikuwa wamekwisha zikwa kwa saa kadhaa. Kwa kalenda ya Marekani siku ni moja, kwa yetu ni mbili. Hata hivyo, mimi ningemwacha Eisenhower kwenye karatasi, si kwa sababu ya tarehe, bali kwa sababu serikali yake ilikuwa na mkono wake katika mambo ya Kongo: kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza mwaka 1975 jinsi CIA ilivyopeleka sumu Léopoldville mwaka 1960 kwa ajili ya Lumumba, ingawa sumu hiyo haikutumika.

MwalimuWaHimbi, Goma

MwanaLushi, swali lako limefanya darasa zima lizungumze kwa saa nzima, na msichana mmoja akaleta hoja ambayo sikuitarajia: hatuhitaji kwenda Japani kuiona tofauti hiyo. Nchi yetu yenyewe ina saa mbili. Kinshasa inapokuwa saa tano na nusu usiku ya tarehe 16, sisi Goma, Bukavu na Lubumbashi tumeshaingia tarehe 17 kwa nusu saa. Jambo likitokea mji mkuu wakati huo, Mkongomani wa magharibi na wa mashariki wataliandika katika tarehe mbili, kila mmoja akisema kweli.

Wanafunzi wamekubaliana kanuni hii: kila tukio liandikwe kwa tarehe ya mahali lilipotokea, na saa ya mahali hapo itajwe kila inapojulikana. Kobe inabaki tarehe 17 kwa sababu ilikuwa tarehe 17 kwa watu waliofukiwa. Mashambulizi dhidi ya Iraki, yaliyoanza usiku wa manane wa tarehe 17 Baghdad wakati Washington ilikuwa bado jioni ya tarehe 16, yanabaki kwa sababu hiyo hiyo.

Muhammad Ali naye anatufaa hapa. Alizaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942, kwa hiyo siku Lumumba alipouawa alikuwa akitimiza miaka 19, akiitwa bado Cassius Clay. Pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa lilipiganwa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, saa ambayo ilipangwa ili Wamarekani walitazame usiku wao wa tarehe 29. Vitabu vyote vimeandika tarehe 30, yaani tarehe yetu, hata kama saa ilichaguliwa kwa ajili yao. Nakiri kwamba jambo hilo limewafurahisha vijana kuliko raundi ya nane yenyewe.

DadaWaMapendo, Goma

Mwalimu, nimefuata uzi huu kwa makini na nina malalamiko. Mmemweleza Lumumba dakika kwa dakika, na Kobe mmeitolea mishumaa, lakini volkano yetu imepewa aya moja yenye takwimu. Sisi tulioishi Virunga, Murara na Mapendo hatuihesabu siku ile kwa takwimu.

Njooni mtazame nyumba zilizobaki kando ya njia ya lava. Kuna mahali ambapo ghorofa ya kwanza imekuwa chumba cha chini ya ardhi, ambapo ukingo wa juu wa mlango wa zamani umebaki usawa wa goti na ngazi inashuka badala ya kupanda. Lava ilipopoa watu hawakusubiri mtu: walikuja na nyundo na mitaimbo, wakaipasua, wakajenga kuta kwa mawe hayo hayo meusi, na mtaa mzima ukapanda juu kwa urefu wa mtu. Upande wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege ulifunikwa, na kwa miaka mingi ndege zilitua kwenye kipande kilichobaki. Kanisa kuu la Mtakatifu Joseph lilibaki kuta.

Halafu kuna jambo la tarehe ambalo hamjaligusa. Waliokufa hawakufa wote tarehe 17. Jumatatu ya tarehe 21, wakati lava bado ilikuwa na moto ndani na watu wameanza kurudi kutoka Gisenyi kwa sababu kule hakukuwa na chakula wala pa kulala, kituo cha mafuta kililipuka mjini huku watu wakichota mafuta ndani yake. Makumi ya watu waliungua. Kila mwaka nasikia "wahanga wa tarehe 17 Januari", na familia za watu wa tarehe 21 zinasimama hapo hapo, zikikumbuka katika tarehe isiyo yao kwa kuwa hakuna nyingine waliyopewa. Tena siku hiyo ni ya Lumumba kwa taifa zima, hotuba zote ni zake, na sisi tunangoja zimalizike ndipo tuseme la kwetu. Simwonei wivu shujaa. Ninasema tu kwamba karatasi ya shule ya Goma ingeanza na Goma.

MzeeWaKampemba, Lubumbashi

Mama DadaWaMapendo, pole sana, na ninakuunga mkono. Kila mji una haki ya kuanza na wake. Shule ya Lubumbashi ingeanza na Luano na barabara ya Likasi, nanyi anzeni na Munigi.

Vijana wajue pia kwamba tarehe za taifa haziteremki kutoka mbinguni. Sisi wazee tuliadhimisha kwa ngoma na mavazi ya chama tarehe 20 Mei, siku ya kuanzishwa kwa MPR, chama cha Mobutu, mwaka 1967, na tarehe 24 Novemba, siku Mobutu alipochukua madaraka mwaka 1965. Uwanja ambao Ali alimwangusha Foreman uliitwa 20 Mai. Leo unaitwa Tata Raphaël, na ukimwuliza mtoto wa shule tarehe 20 Mei ni siku gani, atakujibu ni ya kwenda shuleni kama nyingine. Lumumba mwenyewe alitangazwa shujaa wa taifa mwaka 1966 na Mobutu yule yule aliyemkabidhi kwa Katanga. Na kuhusu Mzee Kabila, alipigwa risasi tarehe 16, lakini serikali ilitangaza rasmi kifo chake tarehe 18, baada ya siku mbili za habari za kukanganya. Tunapumzika tarehe 16. Kama tungefuata tangazo, tungepumzika tarehe 18, na siku ya Lumumba ingekuwa Februari.

MtotoWaBirere, Goma

Basi nipeni moja tu. Palomares iwekwe juu, na iandikwe kwamba mabomu yale yalikuwa na urani ya Shinkolobwe, mgodi wa huko Katanga. Hapo Katanga inaingia tena katika tarehe 17.

MzeeWaKampemba, Lubumbashi

Hapana, kijana wangu. Kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, hilo limethibitishwa na liandikwe kwa fahari au kwa huzuni, upendavyo. Palomares ni jambo la mwaka 1966, zaidi ya miaka 20 baadaye, wakati Marekani ilikuwa na vyanzo vingine vingi. Huna ushahidi, na mimi sina. Andikeni linalojulikana: ndege ya B-52 iligongana angani na ndege iliyokuwa ikiijaza mafuta, askari saba wa anga wakafa, mabomu matatu yakaanguka nchi kavu na mawili kati ya hayo yakatawanya plutoni mashambani, la nne likazama baharini na kuopolewa mwezi Aprili. Hayo yanatosha kumshtua msomaji bila kumkopea Katanga.

HesabuTupu, Bukavu

Mimi ningeipunguza Palomares na kumtoa Scott kabisa, ila naomba Hawaii ibaki. Mwaka 1893 wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wengi wao wenye asili ya Marekani, walimwondoa Liliuokalani huku askari wa meli ya Marekani wakiwa wameteremshwa Honolulu. Bunge la Marekani liliomba radhi kwa hilo mwaka 1993, baada ya miaka 100. Ubelgiji, baada ya tume ya bunge lake kukiri wajibu wa kimaadili mwaka 2001, iliomba radhi kwa kifo cha Lumumba Februari 2002, wakati Goma ilikuwa bado inafuka moshi. Jino lake, kitu pekee kilichobaki, lilirudishwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Hapo kuna mfanano wa kweli, malkia na waziri mkuu walioondolewa kwa sababu ya utajiri wa ardhi yao, nao hauhitaji tarehe kuubeba. Ninyi mna bahati kwamba tarehe ipo.

MwalimuWaHimbi, Goma

Nawashukuru wote. Tumekaa na darasa na karatasi imebadilika hivi. Juu kabisa ni Nyiragongo, pamoja na mchoro wa njia ya lava kutoka Munigi hadi ziwani, na mstari wa pekee kuhusu tarehe 21, ulioandikwa na mwanafunzi ambaye jamaa zake walikuwepo. Chini yake ni Lumumba, na saa zote alizozitaja MzeeWaKampemba, pamoja na tangazo la uongo la tarehe 13 Februari. Kando yake Eisenhower kwa sentensi moja, saa za Washington na za Elisabethville zikiwa bega kwa bega. Kobe imepewa nafasi nzuri, na vijana wamependekeza kwa prefe kwamba mwaka huu shule ifanye zoezi la kuhama madarasani katika juma hilo, kwa kuwa mlima bado uko pale pale. Northridge imeunganishwa na Kobe kwa mstari mmoja. Hawaii, Ali na Baghdad wamebaki kwa ufupi. Scott, Warsaw na Palomares wametoka.

MzeeWaKampemba, Lubumbashi

Vizuri sana. Neno moja tu kabla hamjabandika: nimeona rasimu ya kwanza ilisema "na wenzake wawili". Andikeni majina. Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo. Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Na majina hayo yawe na ukubwa wa herufi sawa na la Lumumba.

MwalimuWaHimbi, Goma

Yameandikwa, mzee, kwa wino ule ule na ukubwa ule ule. Karatasi inapanda ukutani Jumatatu.